Kupima Maji ya Kunywa Nyumbani



Chemchemi za Rungwe hutoa maji maangavu, na wengi huyanywa bila kuyachemsha. Lakini mvua kubwa za Tukuyu huosha vinyesi hadi majini, na vijidudu vyake havionekani kwa macho. Mtoto ndiye huanza kuhara. Mwaka 1982 wataalamu wa India walitangaza kipimo kinachofaa hata nyumbani: maji hutiwa katika chupa yenye dawa ya kupimia, yakigeuka meusi katika siku moja au mbili, yashukiwe, na maji ya chemchemi ile yachemshwe. Chupa itunzwe mahali pa joto, kwani baridi ya Tukuyu huchelewesha weusi na kumdanganya mpimaji. Madini ya floraidi hayaonekani kwa chupa hiyo, wala kuchemsha hakuyaondoi. Kwa hayo, sampuli ipelekwe maabara ya maji.