Tusinunue Mng'ao: Namna ya Kuchagua Hariri ya Kudarizi

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama na wafadhili, Baraka)



Tuanze na deni letu. Kikundi cha kudarizi kilipopata oda ya vitambaa vya harusi vya hariri, sisi wa timu tulitia sahihi, pesa ikatoka kwenye sanduku, tukapita Uvira hadi Bujumbura kununua mita 6. Kitambaa kiling'aa. Muuzaji akasema, "Hii njo hariri yenyewe." Tukaamini. Wamama wakadarizi majuma matatu. Mteja alipopiga pasi, kitambaa kikanata kwenye pasi. Kumbe ni poliesta. Pesa ile iliwekwa na mama anayeuza ndagala, franga kidogo kidogo kila juma. Kosa ni letu: hatukupima.

Sasa, tukienda sokoni, tufanye hivi.

Kwanza, tusidanganywe na jina. Satini si hariri. Satini ni namna ya kufuma tu; inaweza kuwa ya hariri, inaweza kuwa ya poliesta.

Pili, moto. Ombeni kipande kidogo, hata cha kulipia. Chomoeni uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana, muchome kila mmoja peke yake, sababu vitambaa vingine vimechanganywa. Hariri inaungua polepole, inanuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake yakipoa yanasagika kwa vidole. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Uzi unaowaka haraka kama karatasi, huo ni wa pamba au wa namna hiyo.

Tatu, sindano. Pitisheni sindano na uzi ule ule wa kazi, kisha muchomoe. Tundu likibaki wazi, au nyuzi zikisogea, kitambaa ni chepesi mno kwa ua lililojaa. Chukueni kilichobana, chenye uzito wa kati.

Nne, maji. Pimeni kipande, mukifue kwa maji baridi na sabuni laini, mukianike kivulini, mupime tena. Angalieni kama rangi inatoka. Hariri ikipungua baada ya kudarizi, ua linakunjamana na kazi imeharibika.

Tano, upana. Mita moja ya kitambaa cha sentimita 90 si sawa na mita moja ya kile cha sentimita 140. Ulizeni upana mbele ya kubishana bei.

Na anayejifunza aanze na pamba. Hariri tuinunue tu kama mteja amekwisha kutoa nusu ya pesa.

Wafadhili wetu, musitutumie vitambaa tusivyochagua. Tusaidieni pesa ya vipande vya kujaribu, na nauli ya mama mmoja anayedarizi aende sokoni yeye mwenyewe. Siku ile tulienda sisi wenye kalamu. Wenye sindano walibaki nyumbani.

Wamama wengi walijifunza kazi hii kambini kule Kigoma, Lugufu na Nyarugusu. Waliporudi, wengine walikuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine. Mikono yao hakuna aliyeichukua. Tusiipe tena kitambaa cha uongo.

Deni la sanduku, sisi wa timu tumeanza kulilipa kila mwezi. Mwekahazina atalisoma hapa mbele yenu mpaka liishe.