Daftari la Kazi si Kitabu cha Nyimbo

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa Reli mbele ya mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme habari ya kutenga dini na serikali, na hasa namna ya kulipigania jambo hilo ili tupate matunda, wala tusipate kelele tupu. Mimi si mwanasheria wala si mhubiri. Ni mtu wa njia ya reli. Masomo yangu yote niliyapata katika shule ya msingi ya misheni, na misheni hiyo naishukuru mpaka leo, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kusoma karatasi hii niliyoshika. Basi asidhani mtu kwamba nimesimama hapa kupigana na kanisa au msikiti. Mimi Jumapili naenda kusali.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kabla sijaingia Reli nilikuwa kibarua katika karakana moja ya umma. Sitaitaja. Msimamizi wetu alikuwa mtu mwema, mcha Mungu. Alianzisha sala fupi kila asubuhi kabla ya kazi, na kwa kuwa nina sauti, mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya uliingia polepole. Daftari la kutia saini lilihamishwa kutoka langoni, likawekwa juu ya meza ya sala. Asiyekuja kwenye sala alisubiri nje mpaka tumalize, akitia saini anaandikwa amechelewa. Akichelewa mara tatu, anakosa ovataimu ya mwisho wa juma.

Walikuwapo Waislamu. Walikuwapo Wakatoliki ambao sala ile haikuwa yao. Alikuwapo na mtu mmoja asiyesali popote. Mimi niliimba miezi minne bila kuwaona. Siku moja fundi wa kuchomelea, Mwislamu, ambaye tulikuwa tukila pamoja mchana, alinionyesha hati yake ya mshahara. Ovataimu hakuna. Akaniambia kwa upole: "Ndugu yangu, sauti yako ni nzuri, lakini inanila mshahara."

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma kuliko mahubiri mengi. Serikali hailazimiki kutangaza dini kwa tarumbeta ndipo dini na serikali zichanganyike. Yatosha daftari la umma kuwekwa juu ya meza ya sala.

Sasa, sheria yetu inasema nini? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 8, inasema kwa maneno machache kwamba hakutakuwa na dini ya serikali. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu na wa dhamiri, na kinakataza mtu kunyimwa kazi au haki yo yote kwa sababu ya imani yake, au kulazimishwa kutenda lililo kinyume cha imani hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, sehemu ya 5, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa dini yake.

Lakini tusiidai Katiba neno ambalo haikulisema. Utangulizi wake unamtaja Mungu. Kifungu cha 170 kinaweka mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka na urithi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Kwa hiyo anayesema Katiba imepiga marufuku sala, amekosea. Katiba imekataza nguvu ya serikali, fedha ya serikali na nafasi ya serikali zisigawanywe kwa kipimo cha dini. Hilo ndilo tunalolidai.

Narudi karakanani, maana kule ndiko nilikojifunza namna ya kudai.

Mara ya kwanza tulidai vibaya. Kijana mmoja mwenye hasira alisimama mbele ya watu akamwita msimamizi mnafiki na sala zake akaziita maigizo. Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imezagaa kwamba kuna watu wanaompinga Mungu. Wale wengi, ambao hawakuwa na neno na mtu, wakajipanga nyuma ya msimamizi. Tukapoteza miezi miwili, na waliokosa ovataimu wakazidi kuikosa.

Mara ya pili tulitulia. Tulinunua daftari la shule, tukaandika kila siku: tarehe, saa mtu aliyofika langoni, saa aliyoruhusiwa kutia saini, na ovataimu aliyokosa. Hatukuandika neno juu ya dini ya mtu ye yote. Kisha tukaandika barua yenye ombi moja tu: daftari lirudishwe langoni kwa askari wa zamu, na sala iendelee kabla ya saa ya kazi kwa ye yote apendaye. Na wa kwanza kutia saini barua ile tulikuwa sisi tulioimba. Fundi wa kuchomelea alitia saini mwisho.

Baada ya majuma matatu daftari lilirudi langoni. Ovataimu iliyokwisha kupotea hatukurudishiwa, sitawadanganya. Na sala iliendelea, ila watu walipungua sana. Ikaonekana kwamba wengi wetu tulikuwa tukiliombea daftari.

Kutokana na hayo, na kutokana na kesi zilizopita katika nchi yetu, naweka mbele yenu mambo matano.

La kwanza: daini kitu kimoja kinachoshikika. "Dini na serikali zitengwe" ni neno kubwa. Mkubwa wa kazi atalikubali kwa mdomo na asibadili kitu. "Daftari lirudi langoni" ni neno dogo. Ama amelirudisha, ama hakulirudisha.

La pili: aliye na faida ndiye atangulie kusema. Mwislamu akilalamikia sala ya Kikristo, wataambiwa watu kwamba ni ugomvi wa dini. Mkristo akisema, "Sala hii ni yangu, lakini sitaki imkoseshe mwenzangu mkate," hapo hakuna ugomvi wa dini tena. Kuna haki tu. Na mahali ambapo Waislamu ni wengi, wao ndio watangulie kumsemea Mkristo. Reli inapita kote. Anayesali na wengi Kisumu, akihamishiwa Mombasa huenda akajikuta miongoni mwa wachache.

La tatu: fuateni njia iliyo sahihi, hatua kwa hatua. Mjumbe wa wafanyakazi kwanza, kisha mkubwa wa kazi, kisha Afisa wa Kazi, na mahakama mwisho. Tazameni kesi ya shule moja ya Isiolo, iliyo chini ya ufadhili wa Kanisa la Methodisti, juu ya wasichana Waislamu kuvaa hijabu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wasichana. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Kwa nini? Kwa sababu madai ya hijabu yaliletwa na mtu aliyeingia katika kesi iliyofunguliwa na wengine, akatia madai yake humo kwa njia isiyofaa. Miaka ikaenda, na swali lenyewe likabaki bila jibu la mwisho. Dai jema linaweza kuanguka kwa sababu ya mlango lilioingilia. Ndiyo maana nawasihi: karatasi zenu zipitie kwa Katibu kabla hazijaenda popote.

La nne: msikate tamaa mkishindwa mara moja. Waadventista wa Sabato walishtaki kwa ajili ya wanafunzi wao katika shule za umma, ambao hawakuruhusiwa kushika Sabato siku ya Jumamosi. Katika Mahakama Kuu walishindwa. Wakakata rufani, na Machi 2017 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Hawakuomba shule zote zifungwe Jumamosi. Waliomba watoto wao waachiwe kuishika siku yao. Nanyi mnaotafuta siku ya mapumziko ya ibada, shikeni mfano huo. Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Treni haziwezi kusimama siku ya Ijumaa, wala Jumamosi, wala Jumapili. Lakini tukikaa na orodha ya zamu mezani, Mwislamu anaweza kushika zamu ya Mkristo Jumapili, na Mkristo akashika ya Mwislamu saa ya Ijumaa. Anayeleta mpango mkononi husikilizwa kuliko anayeleta lawama tupu.

La tano: tafuteni marafiki ndani ya nyumba za ibada zenyewe. Msidhani viongozi wa dini wote wanapenda kukaa mapajani mwa serikali. Septemba 2021 Kanisa la Anglikana la Kenya lilikataza wanasiasa kuhutubia waumini wakati wa ibada. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa michango ya fedha iliyotolewa na Rais katika kanisa la Soweto, likaagiza irudishwe. Hayo hayakutoka kwa wapinga dini. Yalitoka kwa wachungaji walioona kwamba mkono unaolisha madhabahu utataka siku moja kuandika mahubiri. Mwamini wa kweli ana sababu yake ya kutaka serikali ikae mbali na kanisa lake, na sababu hiyo ni nzuri kama ya asiyesali.

Niseme neno moja juu ya shule, kwa sababu wengi wetu watoto wetu wako katika shule za umma zilizoanzishwa na misheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, sehemu ya 27, inampa mfadhili nafasi ya kulea mambo ya roho shuleni na hata kuweka kasisi, lakini kwa gharama yake mwenyewe, na kwa kuzilinda dini za watoto wengine. Mzazi akiambiwa mtoto wake abadili dini au aondoke, sehemu hiyo ataitaja. Na akitaka kujua fedha ya umma imetumikaje, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu katika siku 21. Andikeni barua, wekeni nakala, hesabuni siku.

Ndugu zangu, umoja wetu wa wafanyakazi haukujengwa kwa dini moja. Mwaka 1935 Makhan Singh, aliyezaliwa katika jamii ya Kalasinga, alifanya kazi ya kukigeuza chama kilichokuwa cha Wahindi kiwe chama cha wafanyakazi wa kila rangi. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli waligoma pamoja Mombasa, mji wenye misikiti na makanisa. Njaa ya mshahara mdogo haikumwuliza mtu anaswali wapi.

Kwa hiyo sitamaliza kwa kuwanyoshea wengine kidole. Nawanyoshea ninyi, na mimi nikiwamo. Mkutano huu wa leo ulifunguliwaje? Ulifunguliwa kwa sala ya dini moja, tena ni dini yangu. Wenzetu waliokaa nyuma walisubiri kimya, kama fundi yule wa kuchomelea alivyokuwa akisubiri nje ya karakana. Hakuna aliyekatwa mshahara, kweli. Lakini ada zao ni sawasawa na ada zetu.

Basi naleta hoja mbele ya tawi hili, na naomba mtu aiunge mkono: kwamba tangu mkutano ujao tufungue kwa dakika moja ya kunyamaza, kila mtu aitumie apendavyo, kwamba msaada wa matanga utolewe kwa kiasi kilekile kwa kila mwanachama, azikwe na padre, na shehe au na jamaa zake tu, na kwamba mjumbe wa kila idara aulize daftari la kazi limewekwa wapi, kisha atuletee habari kwa maandishi.

Nimekwisha. Mwenye swali na aulize.