Kujenga Mfumo Hai wa Linux kwa Maabara ya Kompyuta ya Shule



Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, Linux iliyowaka kutoka kwenye CD bila kugusa diski ya kompyuta, yaani mfumo hai. Kazi ya namna ile leo yaweza kufanywa na mwalimu wa TEHAMA mwenye kompyuta moja ya Debian na subira. Chombo chenyewe ni live-build, ambacho pia hutumika kutengeneza matoleo ya Linux yaitwayo Kali na Tails. Ninachotaka kuwashawishi ni hiki: mali yetu si faili ya ISO inayotoka mwishoni, ni folda ya usanidi iliyoizaa.

Amri kubwa ni mbili. lb config huandaa folda iitwayo config. lb build, inayoendeshwa kwa mamlaka ya root, husoma yaliyomo humo, hupakua vifurushi vya Debian, huvisakinisha pembeni, kisha huvigandamiza vyote kuwa faili moja ya squashfs inayofungwa ndani ya ISO. ISO ikiandikwa kwenye flashi na kompyuta ikawashwa kwayo, faili ya squashfs husomwa tu. Anachobadilisha mwanafunzi hukaa kwenye RAM, na mashine ikizimwa kinafutika. Darasa linalofuata linakuta mfumo safi.

Tukae kidogo kwenye config, kwa sababu hapo ndipo uamuzi wote unapofanyika. Ndani ya package-lists unaandika faili inayoishia na .list.chroot, yenye majina ya programu unazotaka: libreoffice-writer, gcompris-qt, stellarium. Ndani ya includes.chroot unapanga faili kama zitakavyokaa kwenye mfumo; ukiweka mazoezi ya wanafunzi kwenye etc/skel, kila atakayewasha atayakuta kwenye folda yake. Lugha na saa huwekwa kwa chaguo la --bootappend-live, mathalani "boot=live components locales=sw_TZ.UTF-8 timezone=Africa/Dar_es_Salaam". Maneno boot=live components lazima yarudiwe, maana ukiandika chaguo hili unafuta yale ya awali, na bila boot=live mfumo hai hauwaki.

Wengi hupenda kupunguza ukubwa wa ISO kwa --apt-recommends false. Ni hatua nzuri, ila huondoa pia vifurushi user-setup na sudo, na bila hivyo akaunti ya mtumiaji haitengenezwi ipasavyo. Viandikeni wenyewe kwenye orodha.

Kuhusu bando: vifurushi vilivyopakuliwa hubaki kwenye folda ya cache, na lb clean ya kawaida haiigusi. Anayeongeza --purge anafuta na cache yenyewe, kisha analipia upya. Shule yenye kompyuta kadhaa za kujengea isakinishe apt-cacher-ng kwenye mojawapo, ili kifurushi kipakuliwe mara moja na kugawiwa kwa zote.

Mashine za zamani zina jambo lake. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli wala kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Anayezitegemea abaki na Debian 12 kwa --distribution bookworm na --architectures i386.

Yapo maombi ya kuwawekea wanafunzi hifadhi ya kudumu kwenye flashi. Inawezekana: tengeneza kizigeu chenye lebo persistence, weka ndani yake faili persistence.conf yenye mstari /home, na ongeza neno persistence kwenye vigezo vya kuwasha. Kwa mwalimu naikubali. Kwa flashi zinazopita mikononi mwa darasa zima naipinga, kwa kuwa kazi ya mtoto mmoja, pamoja na nywila alizohifadhi kwenye kivinjari, itafunguliwa na anayemfuata.

Kabla ya kugawa flashi, jaribuni ISO kwenye kompyuta bandia ya QEMU. Halafu wekeni folda config kwenye Git, na kila muhula mpya jengeni upya. ISO ya mwaka jana ina kivinjari cha mwaka jana, pamoja na matundu yote ya usalama yaliyokwisha kuzibwa tangu hapo. Marekebisho aliyoyafanya fundi kwa mkono baada ya kujenga hayatarudi. Yaliyoandikwa kwenye config yatarudi yote. Bila faili nzito za masomo, folda hiyo ni ndogo sana. Shule jirani yaweza kuipokea kwa barua pepe, ikabadili orodha ya programu, ikajenga ISO yake.