Kaa Kimya Umtazame Mteja
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Dar es Salaam)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema machache kabla ya chakula. Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya teknolojia na ajira kwa vijana. Somo hilo ni pana kama bahari, na wenye njaa hawahitaji kuvushwa bahari nzima. Kwa hiyo niliomba ruhusa nishike jambo moja dogo ninalolifahamu, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha: namna mwenye biashara changa, asiye na fedha, anavyoweza kujua kama tovuti yake au programu yake ya simu inatumika kweli na watu, wakiwamo wasioona, kabla hajaumaliza mtaji.

Nasema mtaji, lakini mara nyingi ni mtaji wa mama yake. Kijana anamaliza chuo, anapata wazo la duka la mtandaoni la vitenge au la vipuri vya pikipiki, familia inavunja kibubu, na fedha yote inakwenda kwa fundi wa kompyuta. Miezi sita baadaye tovuti ipo, inapendeza, nembo ina rangi tatu, na wanunuzi hawapo. Hapo ndipo tunaambiwa ati watu wetu hawajazoea kununua mtandaoni. Neno hilo mimi silikubali hata kidogo. Mtu huyohuyo asubuhi ametuma fedha Mbeya, amenunua umeme na amelipa ada ya mtoto, yote kwa simu ya kitochi, kwa kubonyeza nyota na reli. Amezoea sana. Kilichomshinda ni kile alichotengenezewa.

Natoa mfano wa M-Pesa, maana wengi wetu twaitumia pasipo kujua ilivyozaliwa. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone, ikisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, ilianza majaribio nchini Kenya pamoja na Safaricom na shirika la mikopo midogo la Faulu. Kusudio lilikuwa moja tu: wakopaji walipe marejesho kwa simu badala ya kubeba fedha mkononi. Wateja wa majaribio walikuwa takriban 500. Wenye mradi, Nick Hughes na Susie Lonie, hawakuishia kuhesabu miamala. Walitaka kujua watu wanaitumiaje huduma ile. Wakakuta mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Wapo waliokuwa wakiweka fedha kwa wakala wa mji mmoja na kuzitoa mji wa pili saa chache baadaye, ili wasisafiri nazo. Wapo walioifanya simu kuwa kibubu cha usiku mmoja, kwa sababu benki zilifungwa mapema kuliko duka la wakala. Wapo waliowanunulia vocha jamaa zao walioko shamba. Huduma ilipofunguliwa kwa watu wote, Machi 2007, habari za mikopo zilikuwa zimewekwa kando, na tangazo likawa ni kutuma fedha nyumbani. Aprili 2008 Vodacom wakaileta kwetu. Hapa ilianza polepole kuliko kule, na mengi ya kuwahusu watumiaji wa Tanzania ilibidi yajifunzwe upya hapahapa Tanzania.

Mtasema: hiyo ni kampuni kubwa, ina fedha za Uingereza, sisi tuna nini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lipo tangu zamani. Mdenmaki mmoja, Jakob Nielsen, alianza mwaka 1989 kutetea utafiti wa gharama ndogo, wakati ambapo makampuni yalidhani kazi hii inataka maabara yenye vioo na kamera. Mwaka 1993 yeye na mwenzake Thomas Landauer walitoa hesabu inayoonyesha kwamba, kwa wastani, mtu mmoja anayejaribu kitu chako mbele yako hufichua kama asilimia 31 ya kasoro zake. Wa pili atarudia nyingi za yule wa kwanza na kuongeza kidogo. Ukifika mtu wa tano umeona kama asilimia 85. Vijana wa hesabu mnaweza kuihakiki wenyewe: chukueni 0.69, izidisheni kwa nafsi yake mara tano, kisha itoeni katika moja. Shauri lake likawa hili: tafuta watu watano, rekebisha ulichokiona, tafuta watano wengine.

Wapo wataalamu waliompinga, nao wana haki kwa kiasi. Ile 31 ni wastani wa kazi walizozichunguza wao, na hesabu yenyewe inadhani kwamba watu watano hao wanafanana. Kariakoo watu hawafanani. Mwenye duka la jumla Mtaa wa Kongo, machinga anayechukua mzigo kwake kwa mkopo, na mama aliyetoka Mbagala kutafuta sare za shule, hao ni wateja watatu mbalimbali. Mimi huchukua watatu au wanne wa kila aina, na sijapata kuona kundi lisilonionyesha jambo jipya.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo vijana wengi hupotea.

Adui wa kwanza ni adabu zetu. Sisi watu wa pwani, na hata wa bara waliokaa pwani, hatumwambii mtu kwamba mtoto wake ana sura mbaya. Ukimpa mtu simu ukamwuliza, "Umeipenda?" atasema nzuri sana, hongera, Mungu akubariki. Utarudi nyumbani umebarikiwa na hujajua kitu. Kwa hiyo usiulize maoni. Mpe kazi ya kufanya. Mwambie, "Mama, fanya kama unanunua doti mbili za kitenge, zipelekwe kwa shangazi yako Morogoro." Kisha kaa kimya. Nasisitiza kimya, kwa sababu ndicho kitu kigumu kuliko vyote. Atakapokwama, kidole kikaelea hewani, roho yako itakutuma useme, "Bonyeza hapo juu." Usiseme. Siku atakapokuwa peke yake chumbani hutakuwepo. Andika katika daftari mahali kidole kiliposimama na neno lililomtoka mdomoni. Akisema, "Mwanangu, mimi haya mambo siyawezi," usiandike kwamba hawezi. Andika ukurasa gani uliomfanya aseme hivyo.

Kabla ya yote mwombe ridhaa, umweleze kwamba kinachopimwa ni tovuti, yeye hapimwi. Akifika mahali pa kulipa, geuka utazame pembeni. Namba ya siri si yako kuiona. Na umlipe muda wake. Mimi humpa kila mtu shilingi 5,000 na soda. Kwa watu watano hiyo ni 25,000 pamoja na soda, na hakuna mchora mabango mjini hapa atakayekuchorea kibao cha duka kwa bei hiyo.

Jambo jingine: msiwaite watu ofisini. Nendeni walipo, na mtumie simu zao wenyewe. Simu ya mteja ina kioo kilichopasuka, picha zimejaa hadi hakuna nafasi, bando limebaki dogo, na anaitumia juani saa saba mchana huku mkokoteni unapita na mtu anapiga kelele, "Pisha!" Nimeona tovuti zilizoandikwa kwa herufi za kijivu hafifu juu ya weupe. Ofisini, chini ya kiyoyozi, zinapendeza. Peleka Mtaa wa Msimbazi mchana, hakuna kitu. Mteja anakinga mkono juu ya kioo kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Zipo kanuni za kimataifa juu ya hili, zinaitwa WCAG, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1999 na kuhuishwa mpaka toleo la 2.2 la Oktoba 2023. Kwa maandishi ya kawaida zinataka tofauti ya mwanga baina ya herufi na mahali zilipoandikwa iwe angalau 4.5 kwa 1. Weusi juu ya weupe ni 21 kwa 1. Vipimo vya kuhesabu tofauti hiyo vipo mtandaoni bure.

Kanuni hizo ziliandikwa hasa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, nami ningependa nikae hapo kidogo. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambayo haiko mbali na Kariakoo, imesomesha kwa miaka mingi watoto wasioona pamoja na wanaoona. Wahitimu wake ni watu wazima sasa: walimu, wanasheria, wafanyabiashara, wazazi. Wana simu na wana fedha. Wasichokuwa nacho ni duka la mtandaoni linalowapokea.

Mtu asiyeona anatumiaje simu? Ndani ya simu nyingi za Android imo programu iitwayo TalkBack, isiyolipiwa, inayosoma kwa sauti kila kinachoguswa. Kwa kompyuta ipo NVDA, ambayo nayo ni bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, asiyeona yeye mwenyewe, aliyechoshwa na bei ya programu zilizokuwapo, ambazo zilizidi bei ya kompyuta. Alijiunga na mwenzake James Teh, naye asiyeona, na kazi yao imesambaa dunia nzima. Vijana mnaodhani kwamba kazi kubwa lazima ianze na mtaji mkubwa, lishikeni jina hilo.

Nimekaa mara kadhaa na mwalimu mmoja mstaafu asiyeona, tukipima tovuti za wafanyabiashara wa hapa mjini. Anagusa picha ya bidhaa, simu inamsomea jina la faili, tarakimu tupu. Anagusa alama ya kikapu, simu inasema, "Kitufe." Anagusa ya pili, "Kitufe." Ya tatu, "Kitufe." Akanigeukia akasema, "Mwenzangu, hili ni duka la kushona nguo? Mbona wanauza vifungo na vitufe tu?" Tulicheka, lakini mwenye duka alikuwa amempoteza mteja aliyekuja na fedha mkononi. Orodha za bei zinazotumwa kwa WhatsApp kama picha zinamshinda vilevile. Bei ni maandishi. Ziandikwe kama maandishi.

Kuna kasoro moja inayoniudhi kuliko zote, kwa kuwa ni yetu sisi na tiba yake ni neno moja. Kila ukurasa wa tovuti, pale mwanzoni kabisa ambapo msomaji hapaoni, hutakiwa kutaja lugha yake. Mafundi wetu wengi huchukua ukurasa uliokwisha tengenezwa ng'ambo, wakabadilisha maneno yote kuwa ya Kiswahili, wakasahau pale mwanzoni pamebaki Kiingereza. Msomaji anayeona hajui chochote. Lakini ile sauti ya mashine inaamini ilivyoambiwa, na inasoma Kiswahili kwa ulimi wa Mwingereza. "Tuma" linakuwa "tyuma", na sentensi ya kawaida ya kuthibitisha malipo inakuwa mvumo usio na maana. Babu zetu walisikia "Carrier Corps", jina la kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza, wakalitia katika ulimi wao likawa Kariakoo. Sasa mashine inachukua maneno yetu wenyewe na kuyarudisha kwa wenye Carrier Corps! Tiba: pale palipoandikwa lang="en" paandikwe lang="sw". Herufi mbili. NVDA ina sauti ya Kiswahili tayari. Si tamu, inalia kama debe, lakini inaeleweka barabara.

Zipo programu za bure za kukagua kurasa, kama WAVE na Lighthouse, na mzitumie. Zitakamata picha zisizo na maelezo na herufi hafifu. Ila mashine itakwambia kwamba picha ina maelezo, haitakwambia kwamba maelezo yake ni upuuzi. Hilo atakwambia mwalimu wangu. Naye mlipeni kama mnavyowalipa wengine, tena zaidi, maana anawapa ujuzi ambao hamna.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Anayetaka kuuza huduma kwa serikali au kwa mashirika afadhali azisome mapema, kabla hajaulizwa.

Na msiwasahau wenye vitochi. Huduma ya nyota na reli haihitaji bando wala kioo kikubwa, lakini ukurasa wake hauchukui zaidi ya herufi 182, na ukichelewa kujibu unakatika. Mzee anayesoma polepole hukatwa katikati ya kazi na kuanza upya. Anayetengeneza huduma ya namna hiyo apunguze hatua, na jambo analolihitaji mzee zaidi aliweke namba 1, lisiwe la 7.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wanatuchungulia. Mkuu wa Shule ameniambia chumba cha kompyuta kimefunguliwa mpaka saa kumi jioni. Baada ya chakula nitakuwa humo, na simu yangu nimeiwasha TalkBack na kuifunika kioo kwa karatasi. Kijana yeyote mwenye tovuti au programu aliyoitengeneza aje nayo, tujaribu kununua kitu.