Mtoto wa Plamu na Aprikoti

Jioni hii twapenda kuongea nanyi habari za matunda ya kokwa, na hasa yale machotara, ambayo mama yake ni wa namna moja na baba yake wa namna nyingine.

Kila mmoja wetu ajua kokwa ya embe: kitu kigumu katikati, na nyama tamu kuizunguka. Katika nchi za baridi iko jamaa nyingine ya matunda ya kokwa, nayo ni plamu, fyulisi (ambazo wengine huziita pichi), aprikoti, cheri na lozi. Hata kwetu baadhi ya miti hiyo husitawi milimani, kama Lushoto na Limuru. Sharti lake ni baridi. Mti wa plamu usipopata majira ya baridi ya kupumzika, hauchanui vema. Aupandaye Mombasa hupata majani na kivuli tu.

Plamu ina maji mengi, lakini ngozi yake ni kali na hukunjisha uso. Aprikoti ina harufu nzuri na nyama ya rangi ya dhahabu, lakini maji yake ni machache. Basi alitokea mtu aliyejiuliza: je, haiwezekani kupata maji ya huyu na harufu ya yule katika tunda moja?

Mtu huyo ni Luther Burbank. Alizaliwa mwaka 1849 katika Massachusetts, Marekani, na mwaka 1875 alihamia Santa Rosa, California. Mwaka 1885 aliagiza miche ya plamu kutoka Japani, akaanza kuichanganya na mingine. Baadaye alichanganya plamu na aprikoti. Wakulima wengi walidhani jambo hilo haliwezekani. Lakini tunda lilipatikana, likaitwa plumkoti. Burbank alifariki mwaka 1926.

Mwaka huo huo alizaliwa Floyd Zaiger, aliyekuja kuiendeleza kazi ile pamoja na jamaa yake katika Modesto, California, mpaka alipofariki mwaka 2020. Yeye hakutosheka na uzazi wa kwanza. Alichanganya tena watoto na wajukuu, akapata tunda lenye damu ya plamu zaidi, akaliita Pluot, na jingine lenye damu ya aprikoti zaidi, akaliita Aprium.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Ua la mti wa kike huchaguliwa kabla halijafumbuka, na vile vijiti vyenye vumbi la uzazi, liitwalo chavua, huondolewa taratibu. Kisha chavua ya mti wa pili huletwa kwa brashi ndogo na kupakwa. Mara nyingi aprikoti huchanua mapema kuliko plamu, na hapo chavua yake hukaushwa na kuwekwa akiba. Kokwa zikipatikana hupitishwa katika baridi ndipo ziote, na miche hungojewa miaka mitatu au minne kabla ya tunda la kwanza. Katika maelfu ya miche, karibu yote hung'olewa; mmoja au miwili ndiyo iwekwayo.

Hapa tuna kosa letu la kuungama. Mgeni mmoja alituletea chuoni, huko milimani, matunda machache ya namna hii. Ngozi yake ilikuwa na madoadoa ya kijani na nyekundu, na nyama yake nyekundu, tamu mpaka kwenye kokwa. Tulikula, tukazihifadhi kokwa, tukawaahidi wanafunzi kwamba watakula kama sisi. Tulizipanda nyuma ya jiko. Mche mmoja tu uliota, nao ulitunzwa na makundi mawili ya wanafunzi. Ulipozaa, tuliwakusanya wote tukawagawia. Matunda yalikuwa madogo, tena makali kama siki. Vijana walinyamaza kwa adabu, na adabu ile ilituuma kuliko kicheko. Mzee mtunza bustani ndiye aliyesema: “Mwalimu, umempanda mjukuu, ukatazamia kumwona babu.”

Alisema kweli. Kokwa ya chotara haizai tunda lile lile, kwa kuwa damu zilizochanganywa hutawanyika tena. Atakaye tunda lile hana budi kukata kichipukizi cha mti wenyewe na kukibebesha juu ya shina la plamu au la jamaa yake. Tena miti mingi ya Pluot haizai peke yake. Hutaka plamu ya Kijapani au Pluot ya namna nyingine jirani, ichanuayo wakati ule ule, na nyuki wa kupeleka chavua. Hayo tungaliuliza kabla ya kuahidi, wala si baada yake.

Basi mkikutana na tunda hili sokoni, msiamue kwa rangi, maana yako ya zambarau iliyokoza, na yako ya kijani kimanjano ambayo yameiva kabisa. Libonyezeni kidogo kwa kidole karibu na kikonyo, mkalinuse. Likiwa gumu, liwekeni mezani siku mbili tatu mpaka lilegee. Mvumilivu hula mbivu.

Neno la mwisho ni kwa walimu wenzetu. Ni rahisi kusema kwamba kulea watoto ni kama kulea bustani, nasi tumelisema mara nyingi darasani. Lakini mkulima wa machotara hung'oa miche elfu ili apate mmoja, wala hakuna amlaumuye. Sisi hatuna ruhusa hiyo. Mche wetu mkali tuliuacha pale nyuma ya jiko. Mzee alikata matawi yake, akaubebesha kichipukizi cha plamu njema kutoka shamba la jirani, na sasa shina lile lile lililotuaibisha hulisha chuo kizima.