Kubana Faili Kwenye Kompyuta Kuukuu Bila Kupoteza Hesabu
Mazungumzo kwa wafanyabiashara wadogo na makatibu wa vyama vya ushirika



Nyuma ya kaunta za maduka mengi kuna kompyuta ya zamani inayotumia Windows XP au Windows 7. Bado inawaka, bado inachapisha risiti, na hesabu za miaka mingi zimo ndani yake. Siku moja inatoa onyo: diski imejaa. Hapo mwenye duka hushawishika kufuta faili za zamani ili apate nafasi.

Asifute. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi ahifadhi rekodi zake kwa miaka 5. Badala ya kuzifuta, anaweza kuzibana zichukue nafasi ndogo.

Programu moja inayofaa ni 7-Zip, iliyotungwa na Igor Pavlov mwaka 1999. Ni ya bure hata kwa biashara, ni ndogo, na hukubali kwenye Windows za zamani. Yeyote anayedai malipo ili kuitoa anastahili kutiliwa shaka.

Hatari iko kwenye njia ya kuipata. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya usalama ya kawaida ya Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kuiunganisha mashine kama hiyo na intaneti ni kulala mlango wazi. Kwa hivyo, programu ipakuliwe kwenye kompyuta mpya zaidi, kutoka tovuti yake yenyewe ya 7-zip.org, ikaguliwe virusi, kisha ihamishwe kwa flashi.

Kabla ya kuipakua, angalia kama mashine ni ya biti 32 au 64. Kompyuta nyingi za zamani ni za biti 32, na programu ya biti 64 haitafanya kazi humo.

Kazi yenyewe ifuate mpangilio huu:

1. Nakili hesabu zote kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote.
2. Sakinisha programu, kisha uifungue.
3. Chagua folda ya mwaka mmoja, ubofye kitufe cha Add, na uchague aina ya zip, ambayo kompyuta nyingi huifungua. Kila mwaka uwe na furushi lake, ili moja likiharibika mengine yabaki.
4. Chagua furushi hilo na ubofye Test. Kisha toa faili mbili tatu kwenye folda nyingine, uzifungue, na ulinganishe hesabu na za awali.
5. Zikilingana, ndipo ufute za awali kwenye kompyuta. Zile za diski ya nje zibaki.

Si kila faili hupungua. Barua, orodha za wateja na majedwali ya zamani ya xls hupungua sana. Picha za jpg na video hazipungui kwa maana, kwa sababu tayari zimebanwa. Majedwali ya xlsx pia yamekwisha kubanwa.

Furushi lenye majina na nambari za simu za wateja lifungwe kwa nywila, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye taarifa hizo azilinde. Nywila hiyo iandikwe na kuwekwa mahali salama. Ikisahaulika, hakuna ofisi ya kwenda kuiomba.

Mwisho, kubana faili huongeza nafasi, lakini hakuongezi umri wa diski. Diski kuukuu inaweza kufa asubuhi yoyote, bila onyo. Nakala moja na ikae nje ya duka, mbali na moto, maji na wezi.