Afya Huanzia Kwenye Kikapu

Msikilizaji, kila bei za vyakula zinapotajwa kwenye taarifa ya habari, wengi huamini kwamba kula vizuri ni kwa wenye uwezo. Mimi nasema si kweli, na ushahidi uko sokoni.

Tuanze na unga. Sembe nyeupe imekobolewa: pumba na kiini vimebaki mashineni, na hivyo ndivyo vyenye nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B. Dona husagwa punje nzima; umelipia mahindi, unakula mahindi yote. Ila chagua mahindi makavu yasiyo na ukungu, maana sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Tena saga kidogo kidogo, kwa kuwa dona huharibika mapema.

Sogea kwenye meza ya dagaa. Hawa tunawala wazima na mifupa yao, ndiyo maana hutupatia kalsiamu pamoja na protini. Ongeza fungu la matembele, na wakati wa kula ukamulie ndimu: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga.

Maharage je? Yaloweke usiku, asubuhi mwaga maji yake. Yataiva upesi, na mkaa utakaobaki utachemsha uji wa watoto.

Wenye mamlaka tuendelee kuwadai bei nafuu. Huo ni wajibu wao. Lakini kikapu tunakibeba wenyewe. Kesho, kabla ya kununua soda, pita kwanza kwa muuza mboga. Haba na haba hujaza kibaba.